Nyekundu ya Siku ya Theluji

Bologna, 9 Septemba 2018

Kaka Tokihiro,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na Mama, na kwamba joto la Ome limeanza kuwahurumia. Sisi huku hatujambo. Emi ametimiza miaka kumi na sita, amenipita kimo, na siku nzima anachora kwenye kile kibao chake cha umeme. Nimemtumia Mama soksi za sufu. Mwambie asiziweke kabatini akisubiri wageni, azivae. Goti lake la kushoto likoje?

Naandika kwa sababu simu imetushinda. Mara ya mwisho ulinikatia, na ulipopiga tena nikakukatia mimi. Kwenye barua angalau kila mtu anamaliza sentensi yake.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi Machi kutakuwa na maonyesho hapa mjini, ya katuni za kwetu zilizorushwa kwenye televisheni ya huku miaka ile tulipokuwa watoto. Kazi yangu ni ileile ya kutunza karatasi za kale, kwa hiyo wamenipa kukagua kila kitu kabla hakijatundikwa. Vingi ni vya Hagarion: lile jitu la chuma na rubani wake Sakiko mwenye skafu nyekundu. Kaka, huku wanaume wenye vitambi wanaimba wimbo wake wakishalewa. Wanasema saa kumi jioni mitaani hakukuwa na mtoto hata mmoja. Wazazi walikusanya saini katuni za Wajapani zipigwe marufuku, na watoto wa wazazi haohao ndio leo wanaoandaa maonyesho.

Mmoja wao, Bwana Zanarini, fundi wa lifti, ana picha halisi kutoka sehemu ya kumi na tisa. Namaanisha plastiki angavu yenyewe, iliyopakwa rangi kwa mkono na kulazwa chini ya kamera. Skafu ya Sakiko humo ina rangi ya kutu. Sina haja ya kukueleza habari za skafu hiyo, maana wewe ndiye uliyeiandikia kurasa thelathini. Makala yako, kwa tafsiri ya Kiitaliano, ndiyo inayofungua kitabu cha maonyesho.

Nilipoigeuza nyuma, upande unaopakwa rangi, nikaona pembeni alama ndogo ya wino: duara lenye nukta katikati. Niliitazama kwa kioo cha kukuzia mpaka jicho likatoa machozi. Alama hiyo ilikuwa chini ya buti zangu za mvua. Ilikuwa chini ya buti zako. Ilikuwa kwenye kifuniko cha kisanduku cha chakula tulichobeba shuleni. Ni alama ya Mama.

Nataka jina lake liandikwe ukutani. Kwenye orodha ya waliotengeneza Hagarion kuna wanaume arobaini na mmoja kwa majina, na mwisho mstari unaosema, "Rangi: wengineo." Muulize Mama kama ni yeye aliyeipaka, na kama amehifadhi chochote cha kazi ile. Kitabu kinakwenda kwa mchapaji mwisho wa Januari. Maneno ya ukutani yanaweza kusubiri mpaka katikati ya Februari.

Mdogo wako,
Chinatsu


Ome, 2 Oktoba 2018

Chinatsu,

Barua yako iliingia siku mbili baada ya kimbunga. Kimeng'oa bati la banda na kuliweka kwa jirani, ambaye amelirudisha akiwa amelipangusa kabisa, nikaona aibu kwa jinsi lilivyokuwa chafu. Mama mzima. Goti linamsumbua akipanda ngazi, akishuka halimsumbui, kwa hiyo anasema dawa ni kushuka tu. Soksi ameziweka kabatini.

Wiki iliyopita tulitembelewa na ofisa wa serikali, suti ya buluu, meno meupe. Alitoa hotuba ukumbi wa mji: "Jinsi Japani ilivyoiteka mioyo ya dunia." Nilikaa mstari wa mbele makusudi. Akaorodhesha: karaoke, michezo ya kompyuta, tambi za dakika tatu, muziki wa kutembea nao masikioni, treni za mwendo kasi, katuni. Nikanyoosha mkono.

"Japani ipi?" nikauliza.

"Samahani, bwana?"

"Hiyo iliyoteka. Ina mikono? Huwa inaumwa mgongo?"

Watu wakacheka, yeye akainama, akashukuru kwa swali zuri na kuendelea na picha inayofuata. Ndiyo hasira yangu, Chinatsu. Kila kitu chetu kilichokwenda ng'ambo kilitengenezwa na watu waliokosa usingizi, kwa vifaa visivyotosha, kikawahi gari la kuchukua mzigo. Katuni za Wamarekani zilikuwa na picha ishirini na nne kwa sekunde. Sisi tuliweka nane, kwa sababu hatukuwa na watu wala siku. Ndiyo maana rubani anasimama kama mti, nywele tu zinapepea. Leo maprofesa wa huko kwenu wanasema ni utulivu wa Kibudha. Ulikuwa uhaba. Mtu anachukua uhaba wa mwanamke aliyeinama juu ya meza, anaupa jina la falsafa, anapata cheo. Nimeyaandika haya kwenye safu yangu ya wiki hii na wasomaji watatu wamejitoa.

Kuhusu alama, usiwe na haraka. Duara lenye nukta ni kitu ambacho yeyote anaweza kuchora. Wanawake wa mtaa huu waliopaka rangi nyumbani walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa na kialama chake. Nimemuuliza Mama. Anasema amesahau.

Utakuja Mwaka Mpya?

Kaka yako,
Tokihiro


Bologna, 25 Oktoba 2018

Kaka,

Afya zetu nzuri. Mwambie jirani asante kwa bati.

Mama hajasahau. Mama anakumbuka nani alileta sahani gani kwenye msiba wa Baba, na ipi ilirudishwa ikiwa na ufa. Kwa hiyo nakuuliza tena, na unijibu ndiyo au hapana: ulimuuliza kweli?

Nimekumbuka jambo. Nilikuwa na miaka sita, kwa hiyo wewe ulikuwa kumi. Theluji ilikuwa bado imerundikana kando ya njia. Ilikuwa Alhamisi, saa ya Hagarion inakaribia, nawe ulikuwa umeshakaa mbele ya televisheni. Mama akaizima. Akatushika mikono akatupeleka kwenye bafu la mtaa, akatuloweka mpaka vidole vikakunjamana. Hatukuwahi kwenda bafuni Alhamisi, si kabla wala baada. Wewe ulilia njia nzima, mwanamume wa miaka kumi, na mama wa dukani akauliza nani amekufa.

Nimehesabu kwa orodha ya matangazo tuliyonayo hapa. Alhamisi ile ilikuwa sehemu ya kumi na tisa.

Jambo jingine. Barua yako nimeisoma mara tatu, hasa pale pa mtu anayechukua uhaba wa mwanamke aliyeinama juu ya meza na kuupa jina la falsafa. Kisha nikaisoma makala yako. Unaandika kwamba mwongozaji aliibadilisha skafu makusudi baada ya Sakiko kuua kwa mara ya kwanza. Kwamba kutu ni meli za kivita zilizolala chini ya bahari, ni nchi iliyokataa kusafisha chuma chake tena. Imeandikwa vizuri sana. Nauliza tu, wewe na yule profesa mnatofautiana wapi?

Chinatsu


Ome, 6 Desemba 2018

Chinatsu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Figili zimeshaanikwa chini ya paa, safu tatu, Mama alisimamia kutoka dirishani na kunisahihisha kila fundo. Anasema nafunga kamba kama mtu anayegombana nayo. Juzi alianguka kidogo mlangoni, hakuumia, usianze kupiga simu.

Ile makala ilinitoa mbali. Wakati ule gazeti kubwa lilikuwa limenifukuza, nilikuwa naandika matangazo ya duka la mbegu. Kwa kurasa zile nilialikwa redioni, nikapata mchapishaji, zikatafsiriwa lugha nne. Sifa ninayo ndogo, na nusu yake imesimama juu ya skafu hiyo. Huwezi kuniambia kutoka Bologna kwamba nimefanana na watu ninaowapiga kwa kalamu maisha yangu yote.

Na kwa suala la ushahidi: ni kweli Mama alikuwa na kasha lenye brashi na plastiki chache zilizoharibika. Alilipeleka hekaluni kwenye maombi ya kuaga sindano na brashi, likachomwa. Hakuna kilichobaki. Weka "wengineo" ukutani tuendelee na maisha.

Hujajibu kuhusu Mwaka Mpya. Mama anauliza.

Tokihiro


Bologna, 17 Desemba 2018

Kaka,

Sindano na brashi zinaagwa tarehe nane Februari. Imekuwa tarehe nane Februari tangu kabla ya bibi yake Mama. Sasa ni Desemba. Kama kasha lilichomwa, lilichomwa Februari iliyopita, nawe ungeniambia Oktoba badala ya kunipa hadithi ya mtu aliyesahau. Umekaa Ome miaka hamsini na mbili na bado unasema uongo ambao mtoto wa chekechea wa mtaa huo angeugundua. Ndivyo ulivyonidanganya kuhusu kobe wangu, kwamba amehamia mtoni kutafuta kazi.

Kasha liko ndani ya nyumba. Na Mama anasubiri tarehe nane alipeleke, sivyo? Hicho ndicho unachokisubiri na wewe.

Nimempa Emi makala yako aisome. Nilitaka kusikia mtu asiyekujua sana. Akasema, "Mjomba anaandika kama vile mwongozaji alikuwa peke yake ndani ya jengo." Kisha akarudi kwenye kibao chake. Kwake rangi ni kugusa tu, haikauki wala haiishi, na nyekundu ya leo ni ileile ya kesho. Aliniuliza kwa nini watu wa zamani walikuwa wanakosea rangi. Nikashindwa kumjibu. Mama yake, mtunza karatasi, binti wa mpaka rangi, nikashindwa.

Mama ana miaka themanini na minne. Nataka jina lake likae mahali wakati bado anaweza kuambiwa.

Sitakuja Mwaka Mpya. Nikija, wewe unahutubia, mimi najibu, Mama anakimbilia jikoni, na siku tano zinaisha hivyo. Kamuulize kwanza.

Chinatsu


Ome, 14 Januari 2019

Chinatsu,

Mwaka mpya uwe mwema kwenu. Tulikula mochi zetu za mchele unaonata, Mama alizikata ndogondogo akisema hataki kufa kwa kukabwa na sherehe.

Sikumuuliza Oktoba. Sikumuuliza Novemba wala Desemba. Jibu lako ni hapana.

Nilimuuliza tarehe tatu. Tulikuwa tumekaa kwenye meza ya kotatsu, miguu chini ya blanketi penye joto, yeye akimenya chenza. Nilikuwa nimejiandalia utangulizi mrefu. Nikafika kwenye "sehemu ya kumi na tisa" na hakuinua hata uso.

"Umechelewa," akasema. "Nilidhani utauliza mwaka ule ulipotoa kitabu."

"Ulikisoma?"

"Mara mbili. Mara ya pili nikiwa nimevaa miwani."

"Mbona hukusema kitu?"

"Niseme nini? Ulikuwa unaandika habari za mbegu za matango. Ghafla watu wanakuita redioni. Nikasema, mwache mtoto apate cha kusema."

"Mama, nimeandika kurasa thelathini kuhusu kutu."

"Nzuri. Hasa pale pa bahari." Akanipa nusu ya chenza. "Wewe umesoma vitabu mpaka sakafu imebonyea, ukashindwa kuvuka sebule kuniuliza mimi?"

Nakuandikia alivyosimulia, bila kuongeza. Kwangu hilo ni zoezi gumu.

Siku ile walikuwa wawili, yeye na marehemu Orihara Tami wa nyumba ya nyuma. Kila siku gari la studio lilileta bahasha ya plastiki zenye michoro, na chupa za rangi zenye namba, na kesho yake saa kumi lilikuja kuchukua. Skafu ya Sakiko ilikuwa namba thelathini na moja. Usiku uliotangulia ilianguka theluji mpaka magotini, na asubuhi umeme ukakatika. Simu nayo ikafa. Plastiki kumi na moja zimebaki, namba thelathini na moja ikaisha. Dereva alikuwa ametuma mtu kwa miguu kusema atafika stesheni tu, wao washuke na mzigo.

Basi wakachanganya. Walichukua kahawia ya miguu ya jitu, manjano ya taa zake, na masalio ya nyekundu yaliyokwangwa kwenye kifuniko. Kwa kuwa hakukuwa na taa, walikwenda dirishani. Tami alishika juu plastiki iliyopakwa nyekundu ya kweli, Mama akapaka tone la mchanganyiko kwenye kipande kingine, wakangoja likauke, wakalinganisha. Wakaongeza. Wakangoja tena. Nje kulikuwa kweupe tupu, theluji juu na chini. "Zilifanana kama mapacha," akasema. "Tami alipiga makofi." Wakamaliza zote kumi na moja, wakashuka stesheni na mzigo ndani ya kitambaa cha furoshiki wakiwa wameuvalisha koti la Baba usilowe.

Umeme ulirudi siku ya pili. Mama alikuwa amebakiwa na plastiki moja yenye nyekundu ya kweli, iliyotiwa alama ya kidole ikakataliwa, na kile kipande cha majaribio. Akaviona pamoja chini ya balbu. Kimoja chekundu, kimoja kutu.

Akasema, "Nilisahau kwamba theluji nayo ina rangi yake. Sisi tulioishi hapa maisha yote, tukasahau."

Alipiga simu studio. Msimamizi akamwambia imeshapigwa picha, inarushwa Alhamisi, hakuna muda. Akakata. Alhamisi ile Mama alitupeleka bafuni kwa sababu hakuweza kukaa chumba kimoja nasi wakati inaonekana. Kisha akangoja lawama. Hakuna aliyemlaumu. Hilo, anasema, ndilo lililomtesa. Alidhani wamemhurumia. Mwisho wa mwezi akaomba kuacha, akaenda kwenye jiko la vyakula vya masanduku, akakaa huko miaka ishirini na sita. Wewe na mimi tulidhani aliacha kwa sababu ya macho.

Sasa sikiliza. Kasha lipo. Plastiki ile yenye nyekundu ya kweli ipo, na nyingine kumi na mbili. Lakini jina hataki. Nilimwambia kila ninachojua kumwambia mtu, na unajua najua mengi. Akanijibu, "Mtu hatundiki kosa lake kwenye ukuta wa watu." Anataka tarehe nane vyote vipelekwe hekaluni vishukuriwe na kuchomwa, yeye awe mwepesi. Ni vyake. Siwezi kumnyang'anya.

Makala yangu iondoe kwenye kitabu, au subiri wiki moja. Ninaandika nyingine, fupi. Inaanza hivi: "Nilikosea, na aliyejua alikuwa chumba cha pili."

Tokihiro


Bologna, 24 Januari 2019

Kaka,

Asante. Sina maneno mengi na muda ni mfupi, natuma kwa njia ya haraka. Makala fupi imefika, ina kurasa mbili, ni bora kuliko zile thelathini. Tunaichapisha.

Tafadhali msomee Mama sehemu hii kwa sauti, polepole.

Mama, nilimweleza Bwana Zanarini habari zako bila kutaja jina, kwa sababu picha ni yake na ana haki ya kujua. Nilidhani atasikitika. Angeweza kununua picha yenye skafu nyekundu, zilikuwepo, akachagua hii kwa sababu ndiyo aliyoikumbuka. Nikamuuliza, je, utotoni alifikiri ile rangi ina maana gani, vita, kifo, au nini? Akasema yale ya makala hakuwahi kuyaamini, aliona haya tu kusema mbele ya wasomi. Alikuwa na miaka saba. Alidhani Sakiko amebadilisha skafu kwa sababu siku hiyo ilikuwa baridi, akavaa ile nzito.

Ni hayo tu, Mama. Sikuombi kitu. Uamuzi ni wako.

Chinatsu


Ome, 10 Februari 2019

Chinatsu,

Nilimsomea. Nilipofika kwenye skafu nzito alicheka mpaka akashika meza. Akafuta macho kwa ncha ya aproni akasema, "Huyo mtoto ndiye pekee aliyeelewa. Ilikuwa baridi kweli." Sikumgusia tena habari hiyo.

Juzi tarehe nane tulikwenda hekaluni. Theluji kidogo, ya kupakaa tu. Alichomeka sindano zake kwenye tofu kama kila mwaka, zipumzike mahali laini. Akatoa brashi zake saba, akazishukuru moja moja, nyingine kwa jina. Kisha akafungua kasha. Kasisi akachungulia.

"Bibi Momose, hii ni plastiki?"

"Ndiyo. Zilifanya kazi vizuri."

"Brashi nitachoma. Plastiki siku hizi haturuhusiwi, kwa ajili ya moshi. Hizi ni za siku ya takataka zisizoungua. Kwenu ni Jumatano ya pili, nadhani."

Nikajiandaa kugombana. Nilikuwa tayari na hoja tatu kuhusu nini kinastahili moto. Mama akanivuta mkono.

"Jumatano," akasema, kama mtu anayepima neno mdomoni. "Miaka arobaini natunza, halafu Jumatano." Akalifunga kasha. Tukiwa kwenye ngazi za kushuka, ambako goti halimsumbui, akasema, "Basi Chinatsu achukue. Zote. Lakini maneno nitaandika mwenyewe."

Kasha limeondoka jana kwa posta, nimelifunga mimi, Mama amelifungua na kulifunga upya. Maneno ya ukutani ni haya, usibadilishe hata moja:

"Nyekundu namba 31 ilikwisha. Umeme ulikatika. Tulichanganya wenyewe dirishani kwa mwanga wa theluji. Samahani kwa usumbufu. Momose Fusae na Orihara Tami, wapaka rangi."

Nilimwambia hakuna haja ya kuomba samahani. Akasema kama si samahani, basi jina nalo litoke. Nikaacha. Jina la Tami nalo ni sharti. Nimekwenda kumwambia binti yake, akatoka nje kidogo, akarudi na chai.

Ana ombi moja, na amenirudisha mara mbili nilipokuwa naliandika vibaya. Anataka uzichukue zote mbili, ya Zanarini na ile yenye alama ya kidole, uzipeleke dirishani, mbali na taa, siku isiyo na jua. Anasema yeye na Tami hawakuwa vipofu. Anataka mtu mwingine aone.

Safu yangu ya wiki hii ni ile makala fupi. Msomaji mmoja aliyejitoa amerudi, kuniambia kwamba alijua tangu mwanzo mimi ni mpuuzi.

Tokihiro


Bologna, 4 Machi 2019

Kaka, na Mama,

Kasha lilifika salama. Harufu yake ni ya siki, plastiki za zamani huanza hivyo zikichoka, lakini rangi haijabanduka popote. Emi alikaa nazo saa nzima akiwa amevaa glavu, akizigeuza nyuma na mbele. Aliuliza chupa moja ilikuwa kubwa kiasi gani. Nikamwonyesha kwa vidole. Akasema, "Na ikiisha?" Nikamwambia, "Soma ukutani."

Maonyesho yalifunguliwa Ijumaa. Majina mawili yapo, kwa herufi sawa na za mwongozaji, na samahani ipo. Watu wanasimama pale kuliko mahali pengine. Baadhi wanacheka, wengi wanarudi nyuma kuitazama skafu tena. Bwana mmoja mzee wa chuo kikuu alilalamika kwamba maelezo yale yanaondoa maana ya picha. Zanarini, ambaye hapendi kuongea, alimjibu, "Wewe umewahi kuishiwa kitu?"

Kwa kazi yangu mwanga wa dirisha ni mwiko. Nimewahi kumfokea mtu kwa dakika tano za jua. Lakini leo ni Jumatatu, ukumbi umefungwa, na tangu asubuhi wingu zito limefunika mji. Theluji haipo, Mama, mwaka huu hatukuipata. Nimezima taa zote za chumba. Nimezitoa picha kwenye fremu mimi mwenyewe, nikazibeba mpaka dirisha la kaskazini. Emi alishika ya kwako yenye alama ya kidole, kama alivyoshika Bibi Orihara. Mimi nilishika ya Zanarini. Mwenyewe Zanarini alisimama nyuma yetu, kofia mkononi.

Nilikaa nazo dakika kumi, nikazirudisha.

Kaka, nimekata tiketi ya mwezi Mei. Nakuja na Emi. Nitakaa wiki mbili, na nikija usihutubie siku ya kwanza.

Na Mama avae soksi, wageni ndio sisi. Mwambie dirishani zilifanana.

Chinatsu